Bernadine Kolar na Muswada wa Kufuli

Nilikuwa karani wa Kamati ya Kazi na Biashara katika Seneti ya jimbo letu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sikumwona mtu aliyejua kusoma muswada kama Bernadine Kolar. Wanasheria walikuwa wanapekuapekua tu. Yeye alisoma kama mtu anayechambua mchele, neno moja moja, na akikuta jiwe hapigi kelele. Anakunja pembe ya ukurasa, anakwenda kumsubiri seneta mwenyewe mlangoni kwake, anamwekea kidole pale pale na kumuuliza kwa upole kama hilo ndilo alilokusudia.

Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa, wazazi wake wakulima wa ngano, watu wa asili ya Kicheki kama nusu ya parokia yetu. Alikaa utawani miaka minne, akatoka, akaolewa na kinyozi mmoja mpole aitwaye Leonard. Leonard alikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo kabla hawajajaliwa mtoto. Ndipo Bernadine alipokwenda kuomba kazi katika ofisi ya Baraza la Maaskofu la jimbo, vyumba viwili juu ya kliniki ya daktari wa meno, ng'ambo ya barabara kutoka jengo la Bunge. Walimwajiri kupiga chapa. Maaskofu wetu watatu wakishakubaliana msimamo juu ya sheria fulani, yeye alipiga chapa barua, mwanasheria wa Baraza akaipeleka bungeni. Baada ya miaka michache waligundua kwamba maseneta wanamsikiliza mpiga chapa kuliko mwanasheria, wakampa beji, wakamwambia aende yeye.

Akawa mmoja wa watu wa korido. Hivyo ndivyo tulivyowaita wale wanaolipwa kuwangoja maseneta milangoni na kuwatia maneno masikioni. Wengine walikuwa wanaume wa suti nzuri, watu wa mabenki, watu wa mafuta, watu wa viwanda vya nyama. Yeye alikuwa na koti moja la kijivu na viatu bapa, na hakumwalika mtu yeyote chakula. Siku moja nilimkuta kantini anakula mkate wake na mayai peke yake, nikamuuliza mbona hakai na watu.

"Nikae na nani, Lyle?" akaniambia. "Jumanne nikiwatetea wafungwa na wahamiaji, hawa wananiita mkomunisti. Jumatano nikimtetea mtoto aliye tumboni, wale wananiona mchawi. Wacha nile kwa amani."

Alilisema hilo akicheka. Siku hizo bado alikuwa anacheka.

Mambo yalianzia Harlan Creek, mji wa kiwanda cha nyama, saa nne kwa gari kuelekea magharibi. Kiwanda kile hakikuosha mashine zake chenyewe. Kiliikodi kampuni ya usafi, na kampuni ikaajiri Waguatemala, Wasomali, Waburma, yeyote asiyejua pa kulalamika. Mwezi wa Oktoba mfanyakazi mmoja, Diego Pascual, alikuwa ameingiza mkono na bega ndani ya mashine ya kusaga mifupa ili aisugue. Mwenzake wa upande wa pili, ambaye hakuweza kumwona, akaiwasha. Kampuni ikatoa taarifa kwamba marehemu hakufuata taratibu.

Paroko wa pale alipiga simu ofisi ya Baraza kuomba mtu wa kusimama na familia. Bernadine akaendesha gari lake hadi kule kwa ajili ya mazishi ya siku moja, akakaa tatu. Aliosha vyombo, akapokea simu, akaenda na mjane kuchukua nguo za marehemu kiwandani. Mjane huyo aliitwa Eulalia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na alikuwa na binti mmoja wa miaka saba, Micaela. Siku ya tatu wakikausha sahani, Eulalia alimwambia kwamba tangu Krismasi iliyopita Diego alikuwa anaomba kufuli.

Bernadine hakuelewa. Kufuli la nini?

Eulalia akamweleza. Mashine ina swichi kubwa ukutani. Ukiizima, unatia kufuli kwenye swichi, ufunguo unauweka mfukoni mwako, ndipo unapoingiza mkono. Hapo hakuna wa kuiwasha ila wewe. Lakini watu arobaini wa zamu ya Diego walikuwa na makufuli mawili, na msimamizi alisema kufunga na kufungua kunachelewesha kazi.

Bernadine akarudi mji mkuu, akaandika muswada wa ukurasa mmoja na nusu. Nimepitisha mikononi mwangu maelfu ya miswada, na ule ndio uliokuwa mfupi na safi kuliko yote. Kila mwosha mashine apewe kufuli lake na ufunguo wake. Atakayekataa kuingiza mkono kwenye mashine isiyofungwa asifukuzwe kazi. Mkaguzi wa jimbo aruhusiwe kuingia bila kupiga hodi. Seneta wa wilaya ile akaubeba kwa jina lake. Maaskofu wote watatu wakatia saini barua ya kuuunga mkono, barua nzuri, yenye maneno kuhusu heshima ya mtu na mikono yake. Korido nzima ikauita Muswada wa Kufuli.

Ukaja katika kamati yetu, yenye maseneta saba. Watatu walikuwa upande wake. Watatu walikuwa upande wa viwanda, akiwemo mwenyekiti, Seneta Dwight Haugen. Wa saba alikuwa Seneta Verna Ostby, mama wa miaka sabini na kitu, mkulima na Mkatoliki wa siku zote, ambaye wilaya yake ilikuwa na kiwanda kama kile. Bernadine alikaa naye mara nne. Mara ya nne Ostby alimwambia wazi kwamba watu wa kiwanda watamsulubu, lakini Kanisa likisimama hadharani mbele ya kamati, yeye ataweza kurudi kwao na kusema alifuata maaskofu wake. Alihitaji mahali pa kujificha, na Bernadine alikuwa amemtafutia.

Mwaka huo huo kulikuwa na muswada mwingine. Huu ulikuwa wa kuwafadhili watoto wa familia za kipato kidogo wasome katika shule za binafsi, na kwetu shule za binafsi maana yake ni shule za Kanisa. Shule kumi na moja za parokia zilikuwa zifungwe mwezi Juni. Ndugu Terrence Moylan, mkurugenzi wa Baraza, alikuwa ameupigania muswada huo miaka sita. Alikuwa mwanasheria wa miaka arobaini na kitu, baba wa watoto sita, mtu wa sala na wa kazi, na sitaki mtu yeyote anayesoma hapa amwone kama tapeli. Muswada wa shule ulikuwa umekwama kwa kura tatu, na kura hizo tatu zilikuwa mfukoni mwa Haugen.

Siku tano kabla ya Kwaresima, Haugen alimwita Moylan ofisini kwake. Mimi nilikuwemo, na ratiba ya wiki mapajani. Karani ni kama kiti. Watu wanasahau kwamba yuko.

"Terrence," Haugen akasema, "unataka shule au unataka makufuli?"

Moylan akasema Baraza linataka vyote viwili.

"Kila mtu anataka vyote viwili. Mimi sikuambii uondoe barua yako. Barua ibaki. Nakuambia tu kwamba Jumatano, huyo mama Kolar wako asije kukaa mezani kwangu. Mnyamaze siku moja. Wiki inayofuata nitakuwa na kura tatu za kukuonyesha."

Moylan alitazama dirishani. Nje kulikuwa na theluji, na watu wa bustani walikuwa wanamwaga chumvi kwenye ngazi. Kisha akauliza kama kweli barua itabaki kwenye kumbukumbu.

"Lyle ataitia kwenye faili," Haugen akasema, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Jumatano barua hazisomwi kwa sauti, Lyle. Muda ni mfupi."

Desturi yetu ilikuwa kwamba karani husoma barua zote kwa sauti. Nikaandika kwenye ratiba: barua zisisomwe. Nina mwandiko mzuri.

Yaliyofuata kati ya Moylan na Bernadine, Bernadine mwenyewe alinisimulia baadaye. Moylan alimwambia Jumatatu, mlango umefungwa, akiwa amesimama. Bernadine akamuuliza kama kunyamaza nako siku hizi kuna msimamo wa Baraza. Moylan akamwambia ahesabu watoto. Akamtajia shule kumi na moja kwa majina, na ya tisa ilikuwa ile aliyosoma yeye Bernadine, yeye na wenzake wanane wa tumbo moja.

"Na huyo binti wa Eulalia," Moylan akasema, "unataka asome wapi? Huu ni muswada wake pia."

"Terrence, mwanangu, baba yake amesagwa kwenye mashine."

"Najua."

"Na Ostby anatungoja sisi. Tusiposema, anaondoka."

"Najua, Bernadine. Mwakani tutaurudisha."

Ndipo alipomuuliza swali ambalo, kwa mtu aliyekaa utawani miaka minne na Baraza miaka ishirini na miwili, lilikuwa la mwisho: maaskofu wamekubali? Moylan akasema wamekubali. Aliongea nao kwa simu, wote watatu. Bernadine akasema basi, akavaa koti, akaenda nyumbani.

Moylan alikuwa amemwagiza ampigie Eulalia asihangaike kuja. Alipiga Jumanne saa tisa alasiri, simu ikapokelewa na jirani aliyeachiwa Micaela. Eulalia alikuwa ameshapanda basi asubuhi kwa sababu redio ilitangaza theluji. Nilimuuliza Bernadine angemwambia nini kama angempata. Akasema mpaka leo hajui, na kwamba jirani alipompa habari ile ya basi, kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Jambo hilo lilimuuma kuliko mengi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nusu ya watu ukumbini walikuwa na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Moylan alikuwa nao, akiwa amesimama koridoni karibu na mlango bila kuingia. Seneta Ostby alikuwa nao. Mimi nilikuwa nao. Bernadine alikuwa nao, na hakuwa na beji. Eulalia alikuwa amelala kwenye kituo cha mabasi, akapitia kanisa la katikati ya mji kupakwa majivu, akaja na picha ya Diego ndani ya bahasha ya kaki. Bernadine alimnunulia kahawa. Kwa dakika ishirini walikaa kwenye benchi la koridoni, na kwa dakika ishirini hakumwambia.

"Utakaa pembeni yangu?" Eulalia alimuuliza.

"Nitakuwa nyuma yako hapo hapo," Bernadine akasema.

Na kweli alikuwa nyuma yake, safu ya mwisho, karibu na radieta ya kupasha ukumbi joto.

Watu wa viwanda walikuwa saba. Walizungumza kwa zamu, dakika tatu kila mmoja, taa ya kijani, ya njano, nyekundu. Walisikitika sana kwa kifo cha Bwana Pascual. Walisema sheria zilizopo zinatosha. Wa tano alisema kufuli kwa kila mtu kunaweza kumpa mfanyakazi imani ya uongo kwamba yuko salama. Hilo niliandika neno kwa neno.

Kisha akaja Eulalia, peke yake. Aliweka picha mezani ikiwatazama maseneta. Alisema jina lake na mji wake, kama nilivyomwelekeza. Alisema mume wake aliomba kufuli mara sita na kwamba yeye ndiye aliyemwandikia karatasi ya mara ya mwisho, kwa sababu hati yake ni nzuri kuliko ya Diego. Alisema kwenye chumba cha kufulia hospitalini kwao, mashine ya kukausha mashuka ina kufuli. Mashine ya mashuka. Akasema, "Sina zaidi," wakati taa ilikuwa bado ya kijani.

Hakuna aliyekuwa na swali, isipokuwa Seneta Ostby. Alivua miwani.

"Mwenyekiti, mimi nilitarajia kuwasikia maaskofu leo," akasema. "Nilielezwa kwamba Kanisa lina msimamo. Kuna mtu yeyote humu ndani wa kuzungumza kwa niaba ya Kanisa?"

Haugen akamwambia kwamba orodha ya wasemaji ameimaliza, lakini kama yuko mtu, asimame.

Hapo pana ukimya ambao naweza kuupima mpaka leo, kwa sababu saa ya kamati iko mbele yangu na nilikuwa naitazama ili nisitazame kitu kingine. Sekunde kumi na nne. Barua ya maaskofu watatu ilikuwa chini ya kiwiko changu. Eulalia aligeuka kwenye kiti, mwili mzima, akatazama nyuma. Radieta ilikuwa inagonga. Ostby akavaa miwani yake.

"Haya," akasema.

Muswada ukafa kura nne kwa tatu. Eulalia hakujua hata kwamba umepigiwa kura; mambo yetu yanakwenda haraka, watu wanasema "ndiyo" na "hapana" kama wanaoitikia majina shuleni. Ilibidi nimweleze mimi. Alirudisha picha kwenye bahasha, akaniuliza choo kiko wapi. Alipotoka humo alipitia mlango wa upande, na Bernadine, aliyekuwa anamngoja mlango mkubwa, hakumwona tena siku hiyo.

Haugen alitimiza ahadi. Aprili muswada wa shule ulipita, gavana akautia saini shuleni, watoto wa sare wamemzunguka. Baraza likafanya sherehe ndogo ukumbi wa kanisa kuu, keki na kahawa na watoto wa kwaya. Taarifa kwa magazeti iliandikwa na Bernadine. Ilikuwa nzuri. Moylan alimshukuru mbele ya watu, wakampigia makofi, na nilimwona anatazama keki kama mtu aliyepewa hati asome na hajui lugha yake.

Mwezi Agosti, kiwanda kile kile, mashine nyingine, msichana wa miaka kumi na tisa alipoteza mkono hadi juu ya kiwiko. Gazeti la mji mkuu liliandika mistari minne. Bernadine aliisoma ofisini, akapiga chapa barua ya kuacha kazi ya mistari mitatu, akaiweka mezani kwa Moylan, Moylan mwenyewe akiwa kwenye simu. Kisha akaendesha gari hadi Harlan Creek.

Alimkuta Eulalia jikoni anakanda masa, ule unga wa mahindi wa kwao. Eulalia alimkaribisha kiti lakini hakuacha kukanda. Bernadine alikuwa amepanga maneno njia nzima. Aliyasema yote: habari ya shule, habari ya maaskofu, habari ya simu aliyopokea jirani. Akasema anaomba msamaha.

"Niligeuka," Eulalia akasema. "Nilidhani umetoka nje mara moja. Kumbe ulikuwepo. Ulikuwa unaangalia mikono yako."

"Ndiyo."

"Sasa unataka nikupe nini, mama?"

Bernadine akasema hataki kitu.

"Micaela anaanza kwa masista Jumatatu. Wamempa nafasi, wamempa na sare. Paroko alikuja mwenyewe na fomu." Alipiga donge la unga, akaligeuza. "Nimetia saini. Ulitaka nikatae?"

"Hapana. Hapana, mwanangu."

"Basi usije kunililia jikoni kwangu. Nikikuona unalia, itabidi nikubembeleze, na mimi naingia kazini saa nane."

Bernadine akasimama, akashukuru kwa kiti, akaondoka. Aliniambia kwamba pale mlangoni sare ilikuwa imetundikwa, sketi ya bluu ya mirabamiraba, ile ile aliyovaa yeye shuleni kwao miaka hamsini iliyopita.

Januari iliyofuata alirudi bungeni bila beji, bila Baraza, kama raia. Raia yeyote ana haki ya dakika tatu mbele ya kamati. Muswada wa Kufuli ulirudishwa, akasema dakika zake tatu, ukafa. Baraza halikusema neno. Msaada wa shule ulitakiwa kuidhinishwa upya kila mwaka, na kila mwaka Haugen alikuwa na kura zake tatu. Mwaka wa pili Muswada wa Kufuli ulikufa tena. Ostby hakugombea tena. Mwaka wa tatu hakupatikana seneta wa kuubeba. Bernadine akaja hivyo hivyo. Alipekua ratiba nzima ya kamati, akaona muswada wa leseni za vinyozi, akajiandikisha kuuzungumzia.

"Marehemu mume wangu alikuwa kinyozi," alianza, na Haugen akaitikia kwa kichwa. "Alikuwa anafunga wembe wake kwenye droo kila jioni na ufunguo anauweka mfukoni, ili asije mtu akaumia. Huko Harlan Creek kuna watu ambao—"

"Mama Kolar, tuzungumzie vinyozi."

"Ndio hao, Mheshimiwa. Kuna watu ambao wameomba kufuli—"

Haugen akanigeukia. "Karani, zima."

Swichi ya kipaza sauti iko upande wangu wa kulia. Niliizima. Bernadine hakuinua sauti wala hakunyamaza. Alizungumza na kipaza sauti kilichokufa mpaka taa ikawa nyekundu, akakusanya karatasi zake, akasema ahsante. Watu wa safu ya pili wanasema walisikia yote. Kwenye kumbukumbu rasmi za jimbo, baada ya maneno "ambao wameomba kufuli" nimeandika: haikusikika.

Jioni ile nilimfuata hadi ukumbi wa parokia. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, watu wamejaa, samaki wa kukaanga na saladi ya kabichi na mstari hadi mlangoni. Nilikaa mbele yake na sahani yangu. Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba siku ile barua ilikuwa chini ya kiwiko changu, na desturi ilinipa haki ya kuisoma, na Ostby angeridhika na barua.

Hakushangaa.

"Nilikuwa nakuona," akasema. "Sikuanza na mikono, Lyle. Kwanza nilikutazama wewe. Nilisema moyoni, Lyle ataisoma, na mimi nitakuwa sijavunja amri ya mtu. Ulipokuwa unaangalia saa ndipo nikashusha macho."

Akanisogezea chupa ya siki. Tukala. Moylan alipita na sinia, akifuatwa na watoto wake watatu wadogo, akatusalimu, tukamsalimu. Jumapili kanisani, wakati wa kutakiana amani, Bernadine alikuwa akimpa mkono kama anavyompa kila mtu. Sijawahi kujua aliutoa na nini ndani yake.

Mwaka wa tano makufuli yakapatikana. Kiwanda kiliuzwa, watu wa bima wa mwenye kiwanda mpya wakatuma mtu wao na daftari, na mtu huyo akasema bila kufuli kwa kila mwosha mashine hawatatoa bima. Wiki mbili tu, makufuli mia tatu, mekundu, kila moja na ufunguo wake na jina la mtu. Hakuna aliyetoa maoni mbele ya kamati yoyote. Nilimpelekea Bernadine habari hiyo nyumbani kwake, nikidhani nampelekea furaha.

Alicheka, na hakikuwa kile kicheko cha kantini. "Maaskofu watatu," akasema, "maseneta saba, na mimi na koti langu. Kumbe tulihitaji mtu mmoja wa bima."

Nikamwambia la muhimu ni kwamba watu sasa wako salama. Akasema ndiyo, hilo ndilo la muhimu. Kisha akasema kwamba yule msichana wa mkono sasa ana miaka ishirini na tatu.

Bernadine alikufa Oktoba iliyofuata, kwa moyo, kama Leonard. Askofu aliyeongoza Misa ya mazishi alikuwa mpya, hakuwahi kumjua. Aliandikiwa mahubiri na ofisi ya Baraza, na akasema Bernadine Kolar alikuwa sauti ya wasio na sauti katika korido za madaraka. Moylan alilia kwa dhati. Maseneta wawili wastaafu walikuja. Haugen alituma maua.

Siku mbili kabla, nilikuwa nimempigia simu Eulalia. Alikuwa amehamia jimbo jingine, anafua mashuka ya hospitali nyingine, na Micaela yuko darasa la saba. Nilimweleza siku na saa ya mazishi, nikasema naweza kumtumia mtu wa kumchukua kituoni. Akasema ana zamu. Nikasema naelewa.

Kisha akaniuliza kama Bernadine alikufa kwa maumivu.

Nikamwambia hapana, alikutwa kitandani, kama aliyelala.

"Sawa," akasema, na akakata simu.